Wasifu Uliosomwa Nusu

Mkwe wangu Gladness si mtu wa maneno mengi. Alipoletwa kwangu Kiseke, mwaka ule ziwa lilipofurika likawafuata watu mpaka vibarazani, majirani walinong'ona kwamba mwanangu Masele ameoa bubu. Mimi nilimwona jinsi anavyotengeneza kitu kikiharibika. Redio yangu ilikatika sauti, akaifungua mezani, akaitazama asubuhi nzima bila kuigusa, kisha akagusa sehemu moja tu, ikaongea. Nikasema huyu hana shida ya ulimi, anafikiri kwanza.

Masele yuko mgodini upande wa Geita, anakuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumbani tunabaki mimi, Gladness na mjukuu wangu Precious. Asubuhi Gladness anakwenda Nyegezi, kwenye steshenari ya Bwana Pius, karibu na stendi ya mabasi. Wanafunzi wa chuo wanakuja kutoa kopi, abiria wanapiga picha za pasipoti, na wenye msiba wanakuja kuchapisha wasifu wa marehemu.

Niseme kidogo juu ya wasifu, maana wapo vijana wanaodhani ni karatasi tu. Zamani, nilipokuwa msichana, mzee wa ukoo alisimama kaburini akamtaja marehemu kwa mdomo: mtoto wa nani, alihamia lini, ng'ombe wake walichungwa wapi, ameacha nani. Siku hizi inasomwa karatasi, lakini kazi ni ileile. Na bado tunafuata jambo moja: watoto wa marehemu wanasimama upande wa kichwani, na kila anayetajwa anasogea mbele watu wamwone. Hapo ndipo dunia inajua nani ni nani. Asiyetajwa hapo, kesho hata kwenye kikao cha familia ataulizwa amekuja kama nani.

Gladness alichapa nyingi sana. Akachoka kuandika yaleyale, "alizaliwa", "alisoma", "ameacha", watu wakiwa wamesimama mbele yake wanalia. Ndipo akaanza kujifunza kuandika programu, kwa lugha moja ya kompyuta inaitwa Python. Alijifunza kwenye simu, kwa video za mwalimu fulani kijana anayeongea haraka kama mpiga debe. Nilikuwa namwona jikoni, ugali unachemka, yeye anarudisha video nyuma.

"Mama Precious," namwambia, "huyo mwalimu wako anafukuzwa na nani?"

"Anaogopa bando langu litaisha kabla yake, Mama."

Na kweli lilikuwa linaisha. Masomo mengine hakuyafikisha mwisho.

Programu yake ilikuwa hivi. Inauliza maswali, jina la marehemu, wazazi, kazi, watoto. Gladness anajibu, nayo inapanga maneno yenyewe na kuyaandika kwenye faili. Ikimaliza inauliza, "Kuna mwingine?" Ukijibu hapana, inajizima. Siku za mwanzo ilimsumbua. Mara ilisema faili halipo, na yeye analiona kwa macho yake. Alihangaika mpaka akagundua kwamba ilikuwa inatafuta kwenye folda nyingine, si ile aliyokuwa anaitazama yeye. Mara faili lipo, ukilifungua ni jeupe, hamna hata herufi. Hapo aligundua kwamba akishajibu lile swali la mwisho, programu ikajizima, maneno yanatokea. Hakujua kwa nini. Akazoea tu kujibu kwanza, kisha ndipo anachapisha. Bwana Pius akafurahi, foleni ikapungua, akawa anawaambia wateja, "Huyu dada ameifundisha kompyuta kuomboleza."

Sasa nije kwa Mzee Ndalahwa.

Mimi na Ndalahwa tulikuwa majirani tangu Kiseke ikiwa mihogo na mawe, na watoto wetu waliitana ndugu. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa kicheko kikubwa. Mke wake wa kwanza, Rose, aliishi hapa Kiseke, akamzalia watoto, mkubwa wao Paulo. Baadaye Ndalahwa akaoa upande wa pili wa maji, Busisi, kwa watu Waislamu wa mjini waliohamia huko kwa biashara. Huyo ni Sada. Alikuwa na mgahawa karibu na kivuko, na wasafiri wengi wa miaka ile walimjua kwa samaki wake. Sada akazaa Mbaruku, Maulida na Abdillah. Rose alipofariki, Ndalahwa alihamia Busisi moja kwa moja, akazeekea kwa Sada, akaugulia kwa Sada. Paulo hakulipenda jambo hilo. Hakuwahi kulisema, lakini kwenye sikukuu gari lake lilikuwa haliendi Busisi.

Mzee akafariki mwaka huu, daraja la kuvukia Busisi likiwa tayari linapitika. Mwili ulikuwa hospitali huku mjini, kaburi likachimbwa Busisi, karibu na mlango wa Sada.

Asubuhi ya mazishi Maulida alikwenda Nyegezi na maelezo ya nyumba zote mbili. Gladness akajibu maswali ya programu mpaka sala ya kufungia, aya kwa aya. Ulikuwa wasifu mrefu kuliko wote aliowahi kuandika, maana Ndalahwa alikuwa na wajukuu na vitukuu kama mchanga. Kwanza kuzaliwa na kazi, kisha ugonjwa na kifo, halafu "ameacha". Nyumba ya kwanza na watoto wake na wajukuu, halafu Sada mjane, watoto wake, na sala ya kufungia. Maulida aliyasikia yote yakisomwa kwenye kioo, akaridhika, akawahi gari la Busisi.

Paulo ndiye aliyepita kuchukua kopi. Gari lenye jeneza lilikuwa barabarani limewashwa, dereva anapiga honi, askari wa barabarani anawaambia waondoke. Paulo amesimama mlangoni na miwani ya jua.

"Shemeji, tunazuia barabara. Nipe kilichopo."

Gladness akalifungua faili. Likajaa maneno, ukurasa baada ya ukurasa. Siku zote faili lisilo tayari lilikuwa jeupe, na hili limejaa. Akaona limekamilika, akachapisha. Lile swali, "Kuna mwingine?", lilikuwa bado liko kwenye kioo linamsubiri. Akaja kulijibu Paulo ameshaondoka.

Mimi nilikuwa kaburini. Nilikaa mbele, kwenye kiti nilichopewa. Paulo alisoma kwa sauti nzuri, baba yake angejivunia. Akataja nyumba ya Kiseke, wakasogea mbele mmoja mmoja, mpaka vitukuu waliobebwa. Watoto wa Sada walikuwa wamesimama wamejipanga, Mbaruku wa kwanza amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Paulo akafika chini ya ukurasa. Akainua macho, akawatazama wale watatu. Akarudi kwenye karatasi. Kisha akasema, "Mungu ailaze roho yake mahali pema," akaikunja.

Watu wakaitikia amina. Hata mimi niliitikia, mdomo unaenda wenyewe. Ndipo nikamwona Sada, ameketi kwenye mkeka na kanga yake ya eda, anawatazama wanawe waliosimama bila kuitwa. Abdillah alikuwa ameshanyanyua mguu kusogea, akaurudisha.

Mbaruku hakugombana. Aliweka udongo wake kaburini, akanawa, akaondoka kabla ya chakula.

Kesho yake Maulida alikuwa Nyegezi kabla duka halijafunguliwa. Hakusalimia.

"Fungua kompyuta yako, wifi. Nataka nione mlichoandika."

Gladness akafungua. Faili limekamilika, limenyooka. Sada yupo, Mbaruku yupo, Maulida yupo, Abdillah yupo, sala ipo.

"Kumbe tulikuwepo," Maulida akasema. Akapiga picha kioo kwa simu, akairusha kwenye kundi la ukoo hapohapo, amesimama. Mpaka saa za chai ukoo mzima, wa Kiseke, wa Busisi, wa Geita, ulikuwa unasema Paulo amechana ukurasa wa mwisho kwa makusudi.

Paulo naye akaja na kopi yake, jasho linamtoka. Akaiweka juu ya meza ya Gladness. "Nionyeshe nilipochana."

Gladness akaitazama. Kurasa zote zipo. Ule wa mwisho umeandikwa nusu, unaishia kwa mjukuu wa mwisho wa nyumba ya kwanza, mwisho wa aya kabisa, na chini yake karatasi nyeupe. Haikuchanwa. Ilitoka hivyo kwenye printa yake mwenyewe. Na faili linasema lilikuwa zima.

Alirudi nyumbani siku hiyo uso umemshuka. Baada ya kula akanieleza yote, halafu akasema, "Mama, sasa wanasema Paulo alinituma nimtolee ya kwake peke yake. Na mimi siwezi kuwaambia ni nini, kwa sababu sijui."

"Bwana Pius anasemaje?"

"Ameniambia ninyamaze. Anasema hayo ni mambo ya ukoo, yataisha yenyewe. Ila nikisema ni kompyuta yetu, hakuna mwenye msiba atakayerudi dukani, na hapo tutaachana."

Nilimjua Pius tangu anauza kalamu kwenye trei. Hakuwa anatania.

Gladness akaomba siku ya mapumziko, akakaa na laptopu yake kuukuu mezani kwangu. Alianza kwa kuilaumu printa, halafu virusi, halafu umeme, maana Nyegezi umeme unachezacheza. Kila alichokilaumu, alikijaribu, akakiacha. Mchana akaacha kujaribu, akakaa kimya akitazama, kama siku ile ya redio. Kisha akaanza kumwandikia wasifu mtu asiyekuwepo. Akamzulia watoto wengi, wajukuu wengi. Precious akawa anampa majina, mpaka majina ya mbuzi wa jirani yakaingia. Programu ikauliza, "Kuna mwingine?" Gladness hakujibu. Akaliacha swali pale, akalifungua faili pembeni.

Likakatika. Mwisho wa aya, vizuri kabisa, kama limeisha.

Akajibu hapana. Akalifungua tena. Limetimia, na mbuzi wote wamo.

Alikaa na mikono kifuani. Halafu akatafuta lile somo la video ambalo hakulimaliza, akalisikiliza mpaka mwisho. Alinieleza hivi, nami nawaeleza nilivyomwelewa. Ukiiambia programu iandike, maneno hayaingii kwenye faili papo hapo. Yanakaa kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta, yakishakuwa fungu kubwa ndipo yanapelekwa. Fungu la mwisho, lisilojaa, linabaki linasubiri mpaka uamuru faili lifungwe, au programu yenyewe ife. Yeye alijua kulifungua faili na kuliandikia. Amri ya kulifunga hakuiweka popote. Wasifu mfupi ulibaki wote kwenye kumbukumbu, ndiyo maana alikuwa anaona jeupe. Ule wa Ndalahwa ulikuwa mrefu, fungu la kwanza likavuka, nyumba ya Sada ikabaki. Na alipojibu swali baadaye, kila kitu kikaingia mahali pake, kosa likajifuta.

"Kwa hiyo Paulo hakuchana," nikasema.

"Hakuchana, Mama. Ni mimi."

"Na Pius?"

Gladness akaiweka laptopu kwenye mkoba.

Tulikwenda Busisi pamoja. Sikutaka aende peke yake akasimame mbele ya watu wa msiba bila mtu mzima. Sada alikuwa ndani, eda haijaisha. Tukakaa naye chumbani, Maulida mlangoni, Mbaruku akaitwa kutoka kwenye karakana yake ya injini za boti, mikono bado ina grisi. Aliniambia shikamoo, nikaitika marahaba. Gladness alimsalimia, akaitikia kwa kichwa.

Gladness akaeleza. Maneno yakamshinda, akaacha kueleza, akawaonyesha. Akaandika wasifu mrefu mbele yao, akaacha swali bila jibu, akafungua faili. Limekatika. Akajibu. Limetimia. Mbaruku akasogeza kigoda.

"Rudia."

Akarudia. Mbaruku akaomba aandike yeye mwenyewe, akaweka majina ya injini. Likakatika, likatimia.

"Ni kama mafuta yaliyobaki kwenye mpira," akasema. "Umeyapampu, lakini hayajafika kwenye tangi."

"Ndiyo, shemeji. Ndivyo."

"Haya. Hukutumwa. Nilikusema vibaya kwenye kundi, nitasema vizuri kulekule." Akajifuta mikono kwa tambara, taratibu. "Sasa niambie, sala ilikuwa kwenye fungu gani?"

Gladness hakuelewa.

"Sala ya kufungia. 'Mungu ailaze roho yake.' Ilikuwa juu yetu au chini yetu?"

"Chini yenu."

"Basi nayo haikuwepo kwenye karatasi ya Paulo."

"Haikuwepo."

"Lakini aliisema." Mbaruku alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayesikiliza injini. "Aliangalia karatasi, akaona imeisha. Akatuangalia sisi tumesimama. Ya Mungu akaikumbuka bila karatasi. Sisi akakunja. Hilo utaliandikia programu gani, shemeji?"

Maulida akasema, "Mbaruku, usimwonee huyu."

"Simwonei. Kosa lake amelileta mwenyewe mpaka hapa. Namuuliza tu."

Sada akanigeukia. Akasema, "Mama Masele, wewe ulikuwepo. Alituangalia au hakutuangalia?"

Ningeweza kusema sikuona, macho ya uzee. Lakini nilikuwa nimeona. "Aliwaangalia," nikasema.

Gladness alimpelekea Paulo maneno hayo kama yalivyosemwa. Alimkuta kwake, hakutaka kumpigia simu. Alimweleza kwanza habari ya faili, na Paulo akashusha pumzi, akacheka, akasema kumbe, angalau sasa watu watanyamaza. Kisha Gladness akamwambia la sala. Kicheko kikaisha.

"Nilisoma kilichoandikwa," Paulo akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Sasa wewe ulitaka nibuni?"

"Mimi sitaki kitu. Nimekuletea hilo tu."

Bwana Pius naye alitimiza aliyoyasema, ila nusu. Hakumfukuza, akamwondoa kwenye kompyuta. Sasa Gladness anatoa kopi na kufunika vyeti kwa plastiki ya lamineshni, na wasifu anachapa kijana mwingine kwa mkono, herufi moja moja. Programu yake ameshairekebisha. Kila akiandika aya, faili linafungwa hapohapo. Inafanya kazi vizuri, na haitumiki.

Siku ya kuanua matanga familia ilikutana Busisi, kaburini tena. Paulo aliomba mwenyewe. Wasifu mpya ulikuwa umechapishwa, Gladness ameuhakiki karatasi kwa karatasi, akampa. Mbaruku alikuja, akasimama nyuma ya watu, amevaa nguo za kazini. Maulida na Abdillah walisimama upande wa kichwani. Sada alisogezewa kiti mlangoni kwake, panapoonekana kaburi.

Paulo aliishika ile karatasi bila kuifungua. Nadhani maneno ya Mbaruku yalikuwa yamemkaa. Akampa mdogo wake wa nyumba ya Kiseke aishike, akasema, "Hili nitalisema bila kusoma."

"Baba ameacha mjane, mama yetu Sada."

Sada akainamisha kichwa.

"Ameacha watoto. Mbaruku." Watu wakageuka nyuma. Mbaruku hakusogea, lakini hakuondoka. "Maulida." Maulida akasogea mbele. "Na..."

Paulo akasimama hapo. Mwanzoni nilidhani ni machozi. Akafungua mdomo, akaufunga. Akamtazama yule kijana aliyesimama mbele yake, mrefu, ana paji la uso la Ndalahwa kabisa, na nikaona kwenye uso wa Paulo kwamba anatafuta na hakuna anachokipata. Mdogo wake alimnyooshea ile karatasi. Hakuichukua. Sijui ni kiburi au ni aibu, vyote viwili vinafanana kwa mbali.

"Abdillah," Sada akasema kutoka mlangoni. Hakupaza sauti.

"Abdillah," Paulo akasema.

Abdillah akasogea mbele. Akampa kaka yake mkono, kwa heshima, kama mtu anayekutana na mgeni. Sala ikasemwa na mtu mwingine. Mbaruku alinipita wakati watu wanatawanyika, akasimama kwa Gladness.

"Umeona, shemeji?" akamwambia. "Hakutuficha. Hatukuwemo kichwani mwake." Akaenda zake karakana.

Tulikaa kando ya barabara kusubiri gari la kurudi Mwanza, Gladness ameupakata ule mkoba wa laptopu ingawa siku hiyo hakuwa na kazi nayo.

"Mama," akasema, "nilidhani nimelipata kosa."

"Umelipata. Watu wote wameliona."

"Nimepata langu," akasema. Gari likaja, akanishika mkono nipande.